Rejeta ya gari kongwe: kufufua ya shaba, kupachika ya Toyota au kuunda ya alumini?

Land Rover Series III, Peugeot 504, Land Cruiser ya miaka ya sabini, Datsun 1200: lipandishe lolote kati ya hayo mlima wa Sukamahela kutoka Kintinku, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Singida, mchana wa Oktoba, na mshale wa joto utakuambia hali ya rejeta yako bila kukuficha. (Wenye Beetle mnaweza kuishia hapa, injini yenu inapozwa kwa hewa.) Dodoma mjini tuko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ukichanganya na joto la mchana, vumbi la kiangazi na maji ya visima yenye chumvi na chokaa, rejeta iliyotengenezwa miaka 40 iliyopita inakuwa na kazi ngumu.

Njia za kutoka hapo ni tatu. Ya kwanza ni kuifufua rejeta ya shaba iliyokuja na gari kwa kuiwekea kori mpya, yaani mirija na mapezi ya katikati. Ya pili ni kupachika rejeta ya gari la kisasa, mara nyingi Toyota, ile ya alumini yenye matangi ya plastiki, na kuifanyia marekebisho ikae. Ya tatu ni kununua rejeta ya alumini tupu isiyo ya gari maalumu, kisha kuikata na kuichomelea shingo na mabano yafuate gari lako. Zote tatu zinapoza. Zinachotofautiana ni usumbufu unaokuja nazo.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha mkosaji ni rejeta

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko na uwashe. Mapovu yakitoka mfululizo hata baada ya dakika chache, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hapo gasketi ya silinda hedi imeondoka na rejeta mpya haitasaidia kitu. Angalia mkanda wa feni, taimingi iliyochelewa (wakati wa plagi kuwasha mafuta), na breki zinazoshika. Thamostati, ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: ya nyuzi 82 ianze kufunguka karibu na hapo, na ikifika 95 iwe wazi kabisa. Usikubali fundi aing'oe na kuitupa. Kwenye injini nyingi, za Toyota hasa, thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji moto inarudi injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi mlimani.

Rejeta yenyewe ipime kwa kipimajoto cha miale. Gari likiwa moto, zima injini, elekeza kipimo sehemu kumi au kumi na mbili za kori. Joto lishuke taratibu kutoka maji yanakoingia hadi yanakotokea. Ukikuta kiraka cha baridi katikati wakati kandokando ni moto, mirija ya hapo imeziba.

Vigezo vya kulinganishia

Tunazipima njia zote tatu kwa mambo matano: inavyoingia garini, presha inayostahimili, feni na umeme inaotaka, nani ataitengeneza ikivuja ukiwa mbali, na inamfaa nani. Bei tumeiweka humo humo, kwa sababu bei ya rejeta dukani ni nusu tu ya hesabu. Mabano, hozi, feni na mafundi ndivyo vinavyomaliza mfuko.

Kwa njia ya pili na ya tatu, vipimo vichukuliwe kabla ya kwenda dukani. Upana na urefu wa uwazi nyuma ya shoo (uso wa mbele wa gari unaopitisha hewa). Umbali kutoka ncha ya feni hadi uso wa rejeta ya sasa, na unene wa kori ya sasa. Kipenyo cha midomo ya hozi, ya juu na ya chini, na upande iliko. Kwenye magari haya ni kawaida kukuta milimita 32, 35 au 38. Kimo cha mdomo wa maji wa injini ukilinganisha na mfuniko wa rejeta. Kata kadibodi ya ukubwa wa rejeta unayoitaka, iweke mahali pake, funga boneti. Kadibodi ikikunjika, rejeta haitaingia.

Feni inayozungushwa na mkanda iachiwe milimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kori, kwa kuwa injini hucheza kwenye raba zake, na gari likitumbukia kwenye korongo feni inasogea mbele. Na ukilazimika kuchagua kati ya rejeta pana na rejeta nene, chukua pana. Kori nene bila feni ya nguvu hupoza vizuri barabarani na kuchemsha kwenye foleni.

1. Rejeta ya shaba iliyobadilishwa kori

*Inavyoingia garini.* Inarudi palepale kwenye boliti zake zilezile, na kava la feni, lile linalozingira feni ili hewa ipite kwenye kori, linakaa sawa. Kazi yako ni hozi na klipu mpya tu. Hakuna njia nyingine kati ya hizi tatu inayokuachia gari bila tundu jipya hata moja.

Kazi ya fundi ndiyo ya kusimamia. Anayeyusha risasi ya kuungia (solda), anatoa tangi la juu na la chini, anaweka kori mpya, anaunganisha tena. Mwulize kori ina mistari mingapi ya mirija na ulinganishe na ya zamani. Ukitoa ya mistari minne ukarudishiwa ya miwili, umepunguziwa. Mapezi yasibanane mno: 10 hadi 14 kwa inchi yanafaa zaidi vumbi letu kuliko 18, ambayo hukamata mbegu za majani na kuziba ndani ya msimu mmoja.

Ipo kazi ya nusu: kuchokonoa. Tangi la juu linatolewa, utepe mwembamba wa chuma unapitishwa kwenye kila mrija kuondoa chokaa, tangi linarudishwa. Ni nafuu na inafaa kama mirija bado mizima. Tahadhari na tindikali ya kusafishia: ikiachwa muda mrefu inakula mirija iliyokwisha kuwa myembamba, na rejeta iliyoingia gereji ikiwa imeziba inatoka ikiwa inavuja. Tahadhari pia na fundi anayeziba mirija inayovuja kwa risasi badala ya kubadilisha kori. Kila mrija uliozibwa ni eneo la kupozea limepotea, na mirija kumi ikizibwa utaona kwenye geji.

*Presha.* Rejeta nyingi za namna hii zilitengenezwa kwa mifuniko ya presha ndogo, kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 7 na 13 hivi. Kwa Dodoma, mfuniko wa psi 7 unapandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 108 hivi, ambacho kinatosha injini nzima kiafya. Kupachika mfuniko wa psi 15 ukidhani unasaidia ni kuomba maungio ya risasi yaachie, au kipasha joto cha ndani kipasuke na kumwaga maji moto miguuni mwa dereva. Angalia pia kina cha shingo: magari mengi ya Kiingereza yana shingo ya inchi moja, na mifuniko ya kawaida madukani ni ya robo tatu ya inchi. Mfuniko mfupi kwenye shingo ndefu unafunga vizuri kwa macho, lakini raba yake haigusi kitako, na presha haijengeki kamwe.

Baada ya kazi, rejeta izibwe midomo, ijazwe upepo wa presha ileile ya mfuniko, izamishwe kwenye beseni. Lipa mapovu yasipoonekana.

*Feni na umeme.* Hakuna cha kubadilisha. Gari lenye dainamo, jenereta ya zamani iliyotangulia altaneta, linaendelea na dainamo yake. Ila kama kava la feni lilishatolewa na mtu huko nyuma (na mara nyingi lilitolewa), tengeneza jingine la bati. Mapanga ya feni yaingie nusu ndani ya kava, na pengo la pembeni liwe milimita 15 hadi 25.

*Fundi.* Hapa shaba haina mpinzani. Mwenye mtungi wa gesi na risasi anapatikana Kondoa, Mpwapwa, Manyoni. Uvujaji wa kawaida unazibwa mchana huohuo. Kazi ifanyike nje, moshi wa risasi si wa kuvuta ndani ya chumba.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la asili anayetaka libaki la asili, na mwenye gari la kazi linaloingia vijijini. Haimfai mwenye injini iliyobadilishwa kuwa kubwa zaidi, maana rejeta ilipimwa kwa injini ya zamani. Kori mpya nzuri pia huenda ikakulazimu kuagiza Dar es Salaam na kusubiri.

2. Rejeta ya Toyota yenye matangi ya plastiki

*Inavyoingia garini.* Ni nyepesi, inapoza vizuri, na ipo ya kila ukubwa. Kazi ni kuitengenezea kitanda. Rejeta za namna hii hukaa juu ya pini mbili chini, na kushikwa na mabano mawili ya raba juu. Tengeneza rafu ya chuma cha pembe cha milimita 25 kwa 25, unene 3, toboa matundu mawili yanayopokea raba za pini, ifunge kwenye fremu kwa boliti. Juu weka mabano yenye raba yanayozuia rejeta isianguke mbele bila kuibana. Acha milimita 5 kila upande, kwa sababu alumini na plastiki hutanuka. Usitoboe tangi, usilibane kwa bamba la chuma, na usichomelee chochote rejeta ikiwa mahali pake. Cheche moja inatosha kutoboa mrija.

Hozi ndizo zinazosumbua. Chukua vipande vya waya mnene, vikunje kufuata njia kutoka injini hadi mdomo wa rejeta, kisha nenda navyo dukani ukatafute hozi yenye mkunjo huo. Vipenyo visipolingana, tumia hozi ya kupunguza au unganisha hozi mbili kwa kipande cha bomba. Bomba liwe na mdomo uliovimba kidogo, hozi ilipande milimita 30, klipu ikae nyuma ya uvimbe. Hozi ya chini iwe na springi ndani au iwe ngumu yenyewe. Laini hunywea pampu inapovuta, na gari linachemsha kwenye mwendo mkali tu, jambo linalowachanganya mafundi wengi.

Ukiona vijibomba viwili vyembamba kwenye tangi la chini au la pembeni, hivyo ni vya kupozea mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Havina uhusiano na maji. Vifunike vumbi lisiingie, basi.

*Presha.* Mifuniko yake ni ya bar 0.9 au 1.1, yaani psi 13 hadi 16. Kwa bar 0.9 maji hapa Dodoma hayachemki hadi nyuzi 116 hivi. Faida kubwa, ila presha hiyo inafika kila mahali: hozi za zamani, pampu, na kipasha joto. Badilisha hozi zote kwa mkupuo, na kipasha joto kilichozeeka kikate kwenye mzunguko kwa kuunganisha midomo yake miwili ya injini.

*Feni na umeme.* Mara nyingi ya mtumba inauzwa pamoja na kava na feni zake za umeme, na hilo ni jambo jema kwani kava linafunika uso wote. Feni moja ya inchi 14 inakula ampea 10 hadi 15. Altaneta ya ampea 45 inaibeba. Dainamo ya ampea 22 yenye taa zimewashwa usiku haiibebi. Ama weka altaneta, ama baki na feni ya mkanda. Tumia relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya ampea 30 au 40, fyuzi 25, waya wa milimita 4 za mraba, na swichi ya joto inayowasha kwenye 92 hadi 95. Ukimaliza, washa feni na shika karatasi ya gazeti mbele ya shoo. Ikivutwa na kunata kwenye rejeta, sawa. Ikisukumwa, umegeuza waya, na feni inapigana na upepo wa mwendo. Magari ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya sitini, yenye chanya kwenye bodi, huwaingiza wengi mtego huu.

*Fundi.* Haitengenezeki. Gundi kwenye plastiki haikai kwa maji moto yenye presha, na tangi likipasuka unabadilisha yote. Kinachoiokoa ni upatikanaji: rejeta ya Toyota iliyouzwa sana inaagizwa Kariakoo, mtaa wa Gerezani, na inafika kwa basi. Kwa hiyo chagua rejeta ya gari lililojaa barabarani, si iliyokaa vizuri zaidi lakini ni ya gari adimu. Na andika jina la modeli kwa rangi kwenye kitanda chake, ili anayekuja kuitafuta baada yako asianze kupima upya.

Ukinunua mtumba, kwaruza mapezi kwa kucha. Yakimeguka kama unga, iache. Plastiki iliyogeuka kahawia kwenye shingo ya juu imeshakauka. Madoa meupe au ya kijani kwenye ukingo tangi linapokutana na kori ni dalili ya raba inayovuja.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la kila siku anayejali kufika, na aliyebadilisha injini. Land Rover yenye injini ya dizeli ya Toyota, mathalani, ianze kwa kujaribu rejeta ya injini hiyohiyo. Anayependa kufungua boneti mbele ya watu ataona aibu kidogo.

3. Alumini tupu, iliyokatwa na kuchomelewa

*Inavyoingia garini.* Inaingia popote, kwa sababu unaiumba. Ndiyo sifa yake, na ndiyo hatari yake. Kori ya kawaida ya mistari miwili ya mirija ya milimita 25 ina unene wa milimita 56 hivi. Kama ya zamani ilikuwa 45, umekula milimita 11 za feni kabla hujaanza.

Mpangilio: iweke rejeta mahali pake, tia alama ya shingo mpya na mabano, itoe. Shingo ya zamani ikatwe na tundu lizibwe kwa bamba la unene uleule wa tangi. Safisha kwa asetoni na brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Chomelea kwa TIG (uchomeleaji wa umeme wenye gesi ya kukinga) yenye waya wa alumini wa 4043, huku vitambaa vilivyolowa vikifunika ukingo wa kori usipate joto. Mabano yachomelewe kwenye tangi, kamwe si kwenye kori, na yashikwe na fremu kupitia raba. Yakibanwa moja kwa moja, barabara ya makunyanzi itapasua tangi pembeni mwa weldi.

Ulizia mashine kwanza. Alumini inahitaji TIG ya mkondo geu (AC). Mafundi wengi wa mageti ya stainless wana TIG ya mkondo mnyoofu (DC) tu. Ataitikia kwa moyo mweupe, na atakurudishia tangi lenye matundu. Pia zipo rejeta za bei ya chini ambazo mirija yake imeshikwa kwa gundi ya epoksi kwenye ukingo. Ukiona ufizi wa gundi kwenye maungio, usiichomelee, joto litaiachia.

*Presha.* Inastahimili psi 15 hadi 20 bila wasiwasi, na tahadhari ya sehemu nyingine za gari ni ileile ya Toyota.

*Feni na umeme.* Kori nene inataka feni ya nguvu na kava kamili. Vile vijiti vya plastiki vya kupitisha katikati ya kori ili kushikia feni visitumike; mtikisiko unavifanya msumeno. La pili ni umeme unaopotea kwenye maji, ambao hutoboa alumini ndani ya miezi. Weka mita kwenye volti za DC, ncha hasi kwenye hasi ya betri, ncha chanya ndani ya maji ya rejeta bila kugusa chuma, injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa. Chini ya volti 0.1 ni salama, ikifika 0.3, tafuta waya wa ethi uliolegea kati ya injini na bodi.

*Fundi.* Ikipasuka njiani kati ya Mtera na mlima wa Nyang'oro, barabara ya Iringa, unavutwa.

*Inamfaa nani.* Injini iliyoongezwa nguvu, gari lenye kiyoyozi cha kuongeza, na nafasi ya ajabu ambayo hakuna rejeta ya dukani inayoingia. Ni ghali kuliko zote ukihesabu fundi.

Maji na hewa, kwa zote

Usijaze maji ya bomba wala ya kisima. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na kulanti (dawa ya rejeta ya kuzuia kutu na kuganda) asilimia 30 hadi 50. Zaidi ya hapo inapoza vibaya, na hatuna barafu ya kuogopa. Soma kopo, kwani nyingine zimeshachanganywa. Dukani ukisema "maji ya betri" sisitiza yasiwe asidi. Kwa shaba chagua kulanti inayosema inafaa rejeta za shaba na risasi. Rangi pekee haithibitishi chochote.

Mfuniko ukiwa chini kuliko mdomo wa maji wa injini, hewa itajikusanya kwenye silinda hedi. Weka tangi dogo la kujazia juu kuliko injini, au shingo ya kujazia kwenye hozi ya juu. Wakati wa kujaza, inua magurudumu ya mbele, fungua kipasha joto kama bado kipo, subiri hozi ya juu ipate moto.

Kwa hali yako

Gari ni la asili, linatoka kwa harusi na maonyesho: badilisha kori ya shaba. Linakwenda shamba Kongwa au Chemba kila wiki: shaba pia, na ubebe hozi za akiba. Ni la kazi mjini, injini imebadilishwa, altaneta ipo: Toyota. Bado lina dainamo na huna mpango wa kuitoa: shaba, au Toyota yenye feni ya mkanda kama nafasi inaruhusu. Injini ya nguvu, na fundi wa TIG ya AC umemwona kazi yake kwa macho: alumini. Fedha haijapatikana na mvua zinakaribia: chokonoa ya zamani, tengeneza kava la feni, weka mfuniko sahihi, na uone mshale unasema nini kabla ya kununua chochote.

Ukiamua kuhama kutoka shaba, usiiuze rejeta ya zamani kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Matangi yake ya juu na ya chini ndiyo yasiyopatikana tena. Kori itapatikana siku moja.